Ghali Kupita Zote, Kongwe Kupita Zote

Bei kubwa kuliko zote iliyowahi kulipwa mnadani kwa kazi ya msanii mwenye asili ya Kiafrika ni dola milioni 110.5, mchoro wa Jean-Michel Basquiat, New York, Mei 2017. Ulikwenda Japani. Julie Mehretu, mzaliwa wa Addis Ababa, alifika milioni 10.7 mwaka 2023.

Rekodi inayonigusa zaidi ni ya Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi. Novemba 2019 mchoro wake "The Conservationists" ulitarajiwa usizidi dola 70,000. Ukauzwa milioni 1.5. Huyu hachori kwenye turubai. Anatumia lubugo, gome la mti wa mutuba linalopondwapondwa Uganda mpaka liwe laini kama nguo. Palipotoboka hushonwa, na mshono huo unaonekana wazi chini ya rangi. Mwaka 2022 akachora kwenye gome hilo kisa chetu wenyewe, sisi wa Mombasa: "Curfew (Likoni March 27 2020)", siku ya kwanza ya kafyu ya korona, watu walipopigwa marungu na kutupiwa vitoa machozi wakingoja feri wavuke makwao. Ningetamani mno kuuona mchoro huo Fort Jesus, palipohifadhiwa michoro ya merikebu iliyoachwa ukutani na Wareno. Waliokuwa kwenye foleni ile wasimame mbele yake, wajitafute.

Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Tuzo ya Turner ya sanaa, Uingereza, mwaka 2017. Alikuwa na miaka 63, mshindi mkubwa kuliko wote kwa umri hadi Veronica Ryan wa Montserrat alipompita mwaka 2022 akiwa na 66. Himid amechora kanga kwa miaka mingi, na kanga, ama leso kama tunavyoita Mombasa, ina nyumba yake Mtaa wa Biashara: duka la Kaderdina Hajee Essak, wenye alama ya "Mali ya Abdulla", lipo tangu 1887.

Wakusanyaji wetu wakubwa wa kanga ni mama zetu. Mwombe mmoja akufungulie sanduku. Atakutolea doti ambayo haijakatwa wala kupindwa, bado ina ugumu wa dukani, akuoneshe pindo, mji na jina, kisha akutajie ilikuwa ya harusi ya nani. Habari hiyo ya harusi haijaandikwa popote.

Ukienda Biashara, nunua doti mbili. Moja ivaliwe. Nyingine ikunjwe vilevile, na ndani yake utie karatasi yenye mwaka na jina la duka.