Nyumba Iliyopimwa Kabla ya Kuungua

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza Muzibu-Azaala-Mpanga, nyumba kubwa ya nyasi iliyokuwa juu ya kilima cha Kasubi, mjini Kampala. Ndani yake wamelazwa Makabaka wanne wa Buganda. Muteesa wa Kwanza aliijenga iwe jumba lake mwaka 1882, akazikwa humo mwaka 1884. Mwanga wa Pili alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, na mabaki yake yakarudishwa mwaka 1910. Daudi Chwa wa Pili alifariki mwaka 1939. Edward Muteesa wa Pili alifia London mwaka 1969, akarejeshwa na kuzikwa kwa heshima mwaka 1971. Kulipopambazuka, paa lililokuwa na upana wa meta 31 lilikuwa majivu.

Wachache miongoni mwa waliosimama pale wakilia walijua kwamba nyumba ile ilikuwa imepimwa. Mwaka 2009, mwaka mmoja hivi kabla ya moto, wapimaji walikuwa wamefika Kasubi na mitambo ya leza kwa niaba ya CyArk, shirika la Marekani lisilotafuta faida. Mwanzilishi wake, Ben Kacyra, ni mhandisi aliyezaliwa Mosul, Irak. Katika miaka ya 1990 kampuni yake ilitengeneza mojawapo ya mitambo ya kwanza ya aina hiyo, kwa ajili ya kupima madaraja na viwanda. Mwezi Machi 2001 Wataliban walilipua masanamu makubwa ya Buddha huko Bamiyan, Afghanistan, na mwaka 2003 Kacyra na mkewe wakaanzisha CyArk ili mitambo hiyo itumike kuhifadhi sura ya majengo ya kale kabla hayajatoweka.

Jinsi mtambo huo unavyofanya kazi si jambo gumu kwa askari kulielewa. Mtu auonaye mwako wa mzinga, kisha akahesabu sekunde hadi mlio umfikie, anaweza kukadiria umbali wa mzinga huo. Mtambo wa leza nao huhesabu, ila hupima kwa mwanga badala ya sauti. Hutupa mwali mwembamba ukutani, hungoja mwali urudi, na kwa kuwa mwanga husafiri takriban kilometa 300,000 kwa sekunde, muda huo mdogo mno hugeuzwa kuwa umbali. Kichwa cha mtambo huzunguka, na mwali hutupwa maelfu ya mara katika kila sekunde. Kila mwali huacha nukta moja katika kompyuta, na nukta zikifika mamilioni, nyumba huonekana kama iliyochongwa kwa vumbi. Mtambo huhamishwa upande hadi upande, maana hauoni nyuma ya nguzo. Kisha vipimo vya vituo vyote huunganishwa na kupakwa rangi kutokana na picha. Mtazamaji aliye mbali aweza kuizunguka nyumba hiyo kwenye kioo cha kompyuta, akainua macho kwenye dari au akapima upana wa mlango. Polisi wa nchi kadhaa, Uingereza ikiwamo, hutumia mitambo ya jinsi hiyo kupima mahali pa ajali kubwa barabarani, ili barabara ifunguliwe mapema na ushahidi usipotee.

Lakini pana mambo ambayo mwali haufikii. Dari ya Muzibu-Azaala-Mpanga ilikuwa na pete 52 za kusukwa, kila pete ikiwakilisha ukoo mmoja wa Buganda. Nyuma ya pazia la kitambaa cha gome la mti wa mutuba palikuwa Kibira, msitu mtakatifu wa wafalme, mahali pasipoingiwa na kila mtu. Leza hupima pazia. Haipiti nyuma yake. Tena inaweza kusema pete fulani iko juu kiasi gani kutoka sakafuni, lakini haijui ni nani mwenye haki ya kuifunga, wala nyasi zinavyochaguliwa, kukaushwa na kupangwa. Kazi ya kuezeka nyumba hiyo ni ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega, na ujuzi wake huishi katika mikono ya wazee na vijana wanaofunzwa nao. Kama mafundi wa Ngeye wangalikuwa wamekwisha, nukta zote za CyArk zisingaliweza kuezeka hata upenu mmoja. Ujenzi mpya ulichukua miaka mingi, na mwezi Septemba 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Paris ilipata funzo linalofanana na hilo. Mwanachuoni Mmarekani Andrew Tallon alilipima kanisa la Notre-Dame kwa leza kuanzia mwaka 2010, akakusanya nukta zaidi ya bilioni moja. Alifariki mwaka 2018. Moto ulipozuka tarehe 15 Aprili 2019, vipimo vyake vilikuwa miongoni mwa hazina walizozitegemea wahandisi. Hata hivyo maseremala walilazimika kuchonga mialoni kwa shoka, na kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024.

Adui si moto peke yake. Huko Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania, bahari imekuwa ikila ufuko ulio chini ya magofu. Yamepimwa nayo, na tangu mwaka 2020 yeyote mwenye intaneti anaweza kuyatazama kutoka mbali.

Mtambo wa leza ni ghali, lakini familia yenye simu ya kamera inaweza kuihifadhi sura ya nyumba ya babu kijijini kwa njia ya picha. Ichaguliwe siku ya mawingu, vivuli visije vikadanganya. Mpigaji aizunguke nyumba polepole, kila picha ikirudia zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia, kwa maana programu ya kompyuta huunganisha picha kwa kutambua alama zile zile katika picha mbili au zaidi. Fimbo ya meta moja isimamishwe ukutani, ili vipimo vijulikane. Wanaokaa kambini wasijaribu jambo hilo kwa majengo ya kambi, ambayo hayapigwi picha bila ruhusa. Picha zitunzwe mahali pawili palipo mbalimbali. Zilizo katika simu moja hupotea pamoja na simu. Wazee wakiwapo, waulizwe nani alijenga, miti ilikatwa wapi, na kila chumba kiliitwaje, na majibu yaandikwe siku hiyo hiyo.