Kabla hujamleta mbwa nyumbani

Mtoto amekung'ang'ania: anataka mbwa. Lakini mzazi, kabla ya kumchukua mbwa wa miezi 10 aliyeokolewa mtaani, kama wale wanaotunzwa na KSPCA huko Karen, Nairobi, jiulize: nani atamtembeza alfajiri na jioni, hata siku za mvua?

Mbwa wa umri huo ana nguvu nyingi. Akifungwa mnyororo kutwa nzima, atabweka, atatafuna viatu na kufukua bustani. Kisha ataitwa mtundu na kurudishwa alikotoka. Kosa si lake. Ua mpana pekee hautoshi. Anafaa familia inayopenda kukimbia na kucheza.

Mpeleke achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, na mtoto mdogo asiachwe naye peke yake. Kama hakuna mwenye nafasi, mwambie mwanao ukweli: tusubiri kwanza.