Viza ya Miaka, Ruhusa ya Miezi

Mkazi wa Kakamega akitaka kwenda Uganda, anapanda matatu hadi Busia, anaonyesha kitambulisho na kuvuka. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 2010, anaweza kukaa huko hadi miezi 6 kama mgeni bila kuomba viza. Nadhani mazoea haya ya mpakani ndiyo huwaponza baadhi yetu tunapoalikwa mbali zaidi. Na siku hizi walioalikwa ni wengi: mwalimu mstaafu wa Malava au Shinyalu, kwa mfano, ambaye bintiye amejifungua Marekani, Kanada au Uingereza, na anamtaka mama akae naye angalau mpaka mtoto akaze shingo. Wiki mbili za kitalii hazimfai. Mtu kama huyo anapaswa kuipanga safari yake kwa hesabu ya siku anazoruhusiwa kukaa kila anapoingia, kwa sababu miaka iliyochapishwa kwenye viza inahesabu jambo jingine kabisa.

Tuchukue Marekani. Tarehe ya mwisho iliyo kwenye viza ya utalii ni ya mlangoni: inaonyesha hadi lini unaweza kufika na kuomba kuingia. Muda wa kukaa hupangwa na ofisa wa uwanja wa ndege siku unapotua, na kwa mgeni wa kawaida huwa miezi 6. Tarehe hiyo huwekwa katika rekodi iitwayo I-94, ambayo kwa wanaofika kwa ndege sasa hutunzwa mtandaoni, hivyo mgeni asipoitafuta huenda asiione kamwe. Sasa tuseme mama ametua tarehe 3 Machi, viza yake ikiwa na miaka kadhaa mbele, na rekodi inasema aondoke kufikia tarehe 2 Septemba. Akiitegemea viza na kubaki hadi Krismasi, hajafikisha siku 180 za kukaa kinyume cha sheria, kwa hiyo hapigwi marufuku ya miaka 3. Lakini viza ile imebatilika, hata kama karatasi bado inang'aa, na safari nyingine itaanzia ubalozini Nairobi. Angepitisha siku 180 kisha akaondoka, angefungiwa nje miaka 3. Mwaka mzima, miaka 10. Na haya yote yangeepukika kwa fomu moja, I-539, ya kuomba nyongeza ya muda, mradi iwasilishwe kabla ya Septemba ikiwa na sababu ya kueleweka. Ina ada, na jibu laweza kuchelewa, lakini ndiyo njia halali.

Hapo ndipo utasikia ushauri wa mtaani: ukisema miezi 6 utanyimwa, sema wiki mbili, ukishafika utajua la kufanya. Siupuuzi, maana una chembe ya ukweli. Sheria ya Marekani humchukulia mwombaji wa viza ya utalii kuwa anataka kuhamia huko mpaka aonyeshe vinginevyo, na muda mrefu huzua maswali. Ila maswali hayo yana majibu hapa hapa nyumbani: pensheni inayoingia kila mwezi, hatimiliki ya shamba, mume na watoto waliobaki, na barua ya binti inayotaja tarehe ya kujifungua na nani atakayelipia nini. Anayesema wiki mbili kisha akakaa miezi 6, hata kama kila siku aliyokaa ilikuwa halali, atakuwa na kazi ya kujieleza atakapoomba tena. Wale wanaosemekana walikaa na hawakuguswa hawathibitishi kitu. Wengi wao hawajawahi kurudi nyumbani wakajaribu kuingia upya.

Uingereza nayo hutoa viza za utalii za miaka 2, 5 hata 10, lakini kila safari isizidi miezi 6, na kanuni zake zinakataza mtu kuifanya nchi hiyo makazi kwa ziara za kufuatana. Nchi za Schengen ni kali zaidi: siku 90 ndani ya kila siku 180, zikihesabiwa kwa pamoja, kwa hiyo kutoka Ujerumani ukaenda Ufaransa hakuanzishi hesabu mpya. Tangu Oktoba 2025 nchi hizo zilianza kusajili wageni kwa alama za vidole na picha ya uso badala ya kutegemea mihuri. Mhuri uliofifia ulikuwa ukiwaokoa watu.

Kwa mzazi anayehitaji muda mrefu hasa, Kanada ndiyo iliyofikiria vizuri. Ina viza maalumu ya wazazi na mababu, na tangu Julai 2022 mwenye nayo anaweza kukaa hadi miaka 5 kwa mfululizo. Itasemwa kwamba ni ya wenye nacho, na kwa kiasi fulani ni kweli: mtoto au mjukuu anayealika lazima awe raia au mkazi wa kudumu, afikishe kipato kilichowekwa, na mzazi awe na bima ya matibabu ya angalau dola 100,000 za Kanada. Lakini mzigo wa kipato umewekwa kwa aliyealika, hausakwi kwenye akaunti ya mama aliyeko Khwisero. Kijana akipungukiwa, viza ya kawaida ya Kanada bado ipo. Mgeni huruhusiwa kwa kawaida miezi 6, naye anaweza kuomba nyongeza akiwa huko, kabla siku zake hazijakwisha.