Kabla ya jiko, tafuta sufuria

Sufuria nyingi zinazopangwa barabarani Mwanza, kuanzia Makoroboi hadi Buzuruga, ni za alumini. Ni nyepesi, bei yake inavumilika. Lakini ukiibandika moja juu ya jiko la indaksheni, jiko litalia, litaonyesha alama ya kosa, kisha litajizima. Jiko ni zima. Sufuria ndiyo haifai.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034. Mitungi ya gesi imesemwa sana; sufuria haijasemwa. Familia iliyojinyima ili iachane na mkaa haistahili kugundua ikifika nyumbani kwamba imenunua nusu ya jiko.

Chini ya kioo cha jiko la indaksheni kuna waya wa shaba uliozungushwa. Umeme ukipita humo huzaa nguvu ya sumaku inayobadilika maelfu ya mara kwa sekunde, na joto huzaliwa ndani ya chuma cha sufuria yenyewe. Alumini haishikwi na sumaku, kwa hiyo jiko haliitambui.

Basi nenda sokoni na sumaku. Hata ya spika mbovu inatosha. Ibandike kwenye kitako cha sufuria, si ubavuni. Ikinata barabara, nunua. Usitazame mng'ao, maana kuna chuma cha pua kisichonata kabisa. Kikaango kizito cha chapati, kikiwa cha chuma, hufanya kazi vizuri mno. Karai la kukaangia sato, hata likiwa la chuma, lina kitako kisicho bapa, liache. Muulize pia muuzaji kama jiko ni la indaksheni kweli, kwani majiko ya infraredi nayo yana kioo cheusi. Hayo hupokea sufuria yoyote, ila kioo chake chenyewe huwa moto wa kuunguza.

Kwetu Kanda ya Ziwa jiko hupimwa kwa ugali. Sufuria nyepesi itateleza kwenye kioo mara tu mwiko unapoanza kazi. Chagua yenye kitako kinene na bapa, mikono miwili imara, na isiyozidi sana duara lililochorwa kwenye kioo, maana nje ya duara hakuna moto. Punguza moto kabla hujaanza kusonga. Ugali hapa huungua chini upesi kuliko ulivyozoea. Dagaa wanataka uangalifu zaidi. Majiko mengi ya bei nafuu, ukiyapunguza, huwaka na kuzima kwa zamu, na dagaa wa katikati huungua wakati wa pembeni bado wabichi. Hapo kitako kinene ndicho kinachookoa mboga.

Halafu kuna LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Jiko la wati 2,000 likiwaka kwa nguvu zote saa nzima hula uniti 2. Ukilitumia hivyo kila siku, ni uniti 60 kwa mwezi. Mteja mdogo wa Tanesco hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akiongeza friji, anaweza kuhamia bei ya shilingi 292. Maharage, kwa kuwa huchukua muda mrefu, yapikie kwenye presha kuka ya umeme, na jiko hili uliachie ugali, chai na samaki.