Ukitapika dawa: sindano, na pale isipokuwepo

Je, unakunywa prednisoloni kila siku kwa miezi? Tezi zilizo juu ya figo huenda zimelala, hazitengenezi tena kotisoli ya kutosha. Usiiache dawa ghafla. Ukipata homa, daktari hukuelekeza unywe dozi mara mbili. Lakini ukiitapika, kidonge hakisaidii: unahitaji sindano ya haidrokotisoni, miligramu 100 kwa mtu mzima. Ujerumani hutumia pia prednisoni ya kuweka njia ya haja kubwa, bila sindano. Hiyo huchelewa kufanya kazi, na anayeharisha asiitegemee. Ukiwa Nyamirambo kwa ndugu zako ukaanza kutapika na kuishiwa nguvu, usingoje asubuhi. Piga 912, waambie unatumia prednisoloni. Ukizimia hutaweza kusema, kwa hiyo tembea na kikaratasi cha dawa mfukoni.