Aliyeokoka na njia ya panya

ARUA, Uganda

Mfanyabiashara anayetoka Ariwara, Kongo, na mzigo wa vitenge ana njia mbili za kuingia Arua. Ya kwanza inapita kituo cha forodha cha Vurra, kwenye foleni, karatasi na ushuru. Ya pili inakata mashambani, ambako watu wa ukoo mmoja wanaishi pande zote mbili tangu mpaka haujachorwa. Anayeshika hii ya pili hufika mapema, na faida yake huwa nono. Lakini kama Jumapili atasimama kanisani kushuhudia kwamba amezaliwa mara ya pili, amejitwika swali ambalo waumini wa West Nile wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 70.

Neno mlokole limetoka Kiganda, maana yake ni aliyeokoka. Uamsho huo ulichipuka kati ya Gahini, Rwanda, na Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukiongozwa na Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza, Joe Church. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha Mukono, mmoja wao akiwa William Nagenda, kwa kukataa kunyamaza. Mwishoni mwa muongo huo moto ulikuwa umefika Arua, ambako Africa Inland Mission ilikuwa imeanza kazi tangu 1918. Baadhi ya waliouwasha walisimama hadharani na vipaza sauti, wakitaja dhambi kwa majina yake, hata watu wakawaita wapiga tarumbeta. Ujumbe wao ukavuka hadi Aru kwa njia zile zile za sokoni.

Ugomvi ulihusu hiari ya mtu. Ikiwa mwanadamu ni mtumwa wa dhambi, kama Paulo anavyowaandikia Warumi, anachaguaje kuiacha? Walokole walijibu kwamba neema hutangulia, ila hatua ya kutubu ni yako. Baba hawezi kukutubia, wala kasisi. Wakatoliki, ambao ni wengi katika eneo hili, hufundisha kwamba kuzaliwa upya ni katika ubatizo. Kwao utashi umejeruhiwa lakini haujafa, na anayeanguka anarudi kwa kitubio. Kwa mchuuzi hii si elimu ya vitabuni tu. Mmoja anatarajiwa kuwa mtu mpya kuanzia siku fulani anayoweza kuitaja. Mwingine anaruhusiwa kukiri kwamba bado yumo safarini.

Koboko wanalijua jambo hili kwa uchungu zaidi. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, watu wa West Nile waliadhibiwa kama kwamba dhambi ya mmoja ilikuwa ya wote, na maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan. Ilhali Askofu Mkuu Janani Luwum, mlokole tangu 1948, alipouawa Februari 1977, kiti chake kilikaliwa na Silvanus Wani, Mkakwa kama Amin. Mwaka huo huo Askofu Festo Kivengere, akiwa uhamishoni, alitoa kitabu alichokiita kwa Kiingereza "Nampenda Idi Amin". Kwa msomaji wa Koboko, jina hilo halikuwa jepesi.

Wakimbizi waliporudi walikuja na marafiki wa biashara ng'ambo. Ndipo magendo yakashamiri, na vijana waliouza mafuta ya Kongo katika madumu kando ya barabara za Arua wakajiita OPEC Boys. Wengi mjini waliona wamepata ajira, hawakuona wezi. Hata leo hoja husikika: dhambi ni kumwibia jirani, na serikali si jirani. Ina uzito kwa watu waliozoea kuiona serikali ikija kuchukua tu. Lakini walokole wa kwanza wasingeikubali; wao walirudisha hata mali ya mwajiri na ya serikali, aibu ikiwa sehemu ya toba.

Na kisingizio kimepungua. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kongo 2022, na kanuni za Jumuiya zina cheti cha asili kilichorahisishwa kwa bidhaa za nchi wanachama zisizozidi dola 2,000. Maharage na samaki wamo. Vitenge vilivyochapwa Asia havimo, na hapo ndipo jaribu linapobaki.

Ugumu upo kwenye malipo ya zamani. Mbuzi aliyeibwa ana mwenyewe. Utampigia hodi, utaomba radhi. Ushuru wa miaka kumi uliokwepwa Oraba au Vurra unaupeleka dirisha gani, na nani atakuandikia risiti? Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, na wahubiri wa mipakani hupenda kumtaja kwa wachuuzi. Ila Zakayo hakuwa mchuuzi. Alikaa upande wa pili wa meza, akitoza kodi.