Foleni ya Busisi ndani ya chipu

Aliyewahi kuvuka Ghuba ya Mwanza kabla ya Juni 2025 hahitaji kuelezwa foleni ni nini. Magari yalijipanga Kigongo yakingoja kivuko, MV Mwanza au MV Misungwi, yavushwe hadi Busisi, wilayani Sengerema. Basi la abiria na lori la mizigo yalisubiri zamu moja. Kisha likafunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, na kungoja kukaisha.

Wanaofundisha usanifu wa prosesa wangeweza kuanzia hapo. Prosesa ya kawaida ni kivuko: hubeba kazi za kila aina, ila kwa safari, moja baada ya nyingine. FPGA ni chipu inayotoka kiwandani bila kupangiwa kazi. Ndani yake mna vijisanduku vya mantiki na njia za kuviunganisha. Mwanafunzi anaieleza saketi yake kwa Verilog au VHDL, programu inayageuza maelezo hayo kuwa mpangilio wa swichi, na chipu inageuka kuwa kile alichoandika. Akiona hesabu fulani inasongamana, anaijengea daraja lake. Kesho akighairi, analibomoa bila kupoteza hata mfuko mmoja wa saruji. XC2064, chipu ya Xilinx iliyofungua njia mwaka 1985, ilikuwa na vijisanduku 64 tu.

Kinachokera ni kwamba vyuoni mwetu foleni haiko ndani ya chipu. Iko mbele ya bodi inayobeba chipu hiyo.

Profesa Lawrence Kehinde wa Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo, Nigeria, ameing'ang'ania hoja hiyo: wanafunzi wameongezeka kuliko vifaa, basi maabara ifunguliwe kupitia mtandao. Mwaka 2015, yeye, Kayode Ayodele na Isaac Inyang walichapisha kazi yao kuhusu maabara ya aina hiyo ya kufundishia lugha za kuelezea saketi. Kwake, hii si picha ya kuigiza kwenye skrini. Bodi ni ya kweli, na saketi mbovu itaumbuka. Shina la mradi huo ni iLab, iliyoanzishwa MIT na Jesús del Alamo mwaka 1998 kwa kupima transista. Shirika la Carnegie lilipotoa fedha, vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Makerere navyo vikaingia pamoja na chuo cha Kehinde.

Katika mtindo wa awali wa iLab, mwanafunzi hutuma jaribio, seva hulipanga kwenye foleni, kifaa hulitekeleza, majibu hurudi. Yaani kivuko kimerudi! Ila hiki anakingojea akiwa bwenini.

Zana nazo zina uzito wake. Vivado ya kusanifia chipu za Xilinx ni makumi ya gigabaiti. Kwa mtu wa bando, huo ni mzigo wa lori. Yosys na IceStorm ni za bure, nyepesi mno, lakini si kila chipu inazikubali.

Sengerema ilipata telesenta, yaani kituo cha mawasiliano cha jamii, mapema, mwanzoni mwa miaka ya 2000, UNESCO na ITU zikiwa na mkono wao. Kijana wa hapo akitaka kujenga prosesa yake leo, bodi ikae wapi: Dar, Mwanza, au palepale? Ufadhili ukiisha, nani awashe seva? Na umeme ukikatika zamu yake ikiwa imefika, anarudi mwisho wa foleni?